Waya wa amplifaya: usinunue kwa macho, beba mizani

Wadau, leo tuongelee waya wa pawa wa muziki wa gari, ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye amplifaya. Kama unauza redio za gari na spika, utaulizwa tu. Hapa Moro wenye Hiace na Noah wanapenda besi, na ukimuuzia mtu waya mbaya hatarudi kwako hata kununua fyuzi.

Shida iko hivi. Rola mbili zipo mezani, zote nyekundu, zote zimeandikwa geji 4, moja bei nusu ya mwenzake. Ukikata, zote zina rangi ya shaba. Ila ile ya bei chee mara nyingi ni aluminiamu iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwenye boksi huwa wanaandika CCA kwa herufi ndogo, wengine hawaandiki kabisa.

Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba. Ikivikwa shaba inafika kama 65. Chukua mita 5 za geji 8, amplifaya ivute ampia 60: shaba inapoteza volti 0.6 njiani, CCA inakaribia volti 1. Besi ikipiga amplifaya inazima, mteja anakuja juu anasema umemuuzia amplifaya mbovu, kumbe waya.

Kibaya zaidi ni maungio. Aluminiamu ni laini, ukiibana na skrubu inalegea taratibu, na ikikutana na hewa na unyevu inajitengenezea utando usiopitisha umeme. Gari la kuzunguka Msamvu na Kihonda linaweza kuvumilia. Gari linalopanda Mgeta, au linaloenda Kinole na Matombo kwenye mvua za Uluguru, halivumilii. Niliwahi kuletewa pikapu ya mtu anayeshusha ndizi toka huko: plastiki ya waya imeyeyuka pale kwenye skrubu ya fyuzi, fyuzi yenyewe nzima! Fyuzi inalinda ampia zisizidi. Maungio yaliyolegea yanachemka hata kama hazijazidi.

Sasa kupima. Mimi naamini mizani kuliko maandishi. Geji 4 ya kweli ina milimita za mraba 21 za shaba, kwahiyo mita 5 ni karibu gramu 940 kabla ya plastiki. CCA ya unene uleule, bila plastiki, haifiki gramu 400. Mita 5 zikisoma chini ya gramu 900 na plastiki yake, hiyo sio geji 4 ya shaba, mwenye duka aseme atakavyo. Mizani inakamata na ujanja mwingine: plastiki nene kama mpira wa maji, ndani nyuzi chache.

Huna mizani? Chomoa uzi mmoja, uweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Wa shaba unakuwa mwekundu unabaki, wa aluminiamu unalegea na kukatika. Ukikwangua na wembe, angalia mpaka ndani, maana kuna shaba nzuri iliyopakwa bati, kwa nje ni nyeupe. Au muulize mnunuzi wa skrepa, yule kopa anaijua hata gizani.

Neno OFC lisikutoe hela nyingi. Tofauti yake na shaba ya kawaida kwenye kupitisha umeme haizidi asilimia 1 hivi. Muhimu iwe shaba na unene uwe wa kweli.

Mimi CCA nauza pia, siwezi kuikwepa kwa mitaji yetu hii. Ila ina rafu yake, nimeandika ALUMINIAMU kwa maka, na anayetaka geji 8 nampa CCA ya geji 4. Mwenye gari la milimani namshauri akakate waya wa welding wa milimita 25 duka la vifaa vya ujenzi. Ni laini, nyuzi nyingi, unazidi geji 4. Nao upimeni, upo wa aluminiamu.

Tangu SGR ianze Juni 2024, Kariakoo unaenda asubuhi unarudi jioni, kwahiyo kamzani kadogo ka jikoni kaingie kwenye begi. Na kila waya unaouza toa na fyuzi yake, mwambie fundi aifunge ndani ya sentimita 45 toka kwenye betri, sio kule nyuma kwenye buti.