Pumu Kabla ya Kilio cha Kwanza: Mapafu ya Watoto wa Bagamoyo

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa ambazo, zikikutana na kichocheo kama vile moshi, vumbi au virusi vya mafua, huvimba kwa ndani, hujaa makohozi mazito na kubanwa na misuli inayozizunguka, hata pumzi inapotoka hulia kama mluzi. Ingawa wazazi huhesabu umri wa ugonjwa tangu siku mtoto alipobanwa kifua kwa mara ya kwanza, chanzo chake kinaweza kuwa cha mapema zaidi, kwa kuwa matawi ya njia hizo hukamilika kuchipua mtoto angali tumboni.

Vitabu vingi vya tiba, vilivyoandikwa kwa kuwaangalia watoto wa Ulaya na Marekani, humtaja kwanza mama avutaye sigara akiwa mjamzito. Katika Bagamoyo kigezo hicho hakina uzito mkubwa, maana wanawake wavutao sigara ni wachache. Moshi wa huku hutoka kwenye mafiga, katika kuni, makuti na vifuu vya nazi, na nyakati nyingine kwenye chetezo, pale mzazi na kichanga wake wanapofukizwa udi na ubani katika siku 40 za kukaa ndani. Moshi wa udi, pamoja na heshima yake yote, nao hubeba chembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Jambo lililo geni zaidi kwa vitabu hivyo ni malaria. Utafiti uliofanyika Ifakara na kuchapishwa mwaka 2001 katika jarida la Thorax uliwafuatilia watoto waliozaliwa katika hospitali ya wilaya, ambao damu ya kitovu chao ilikuwa imepimwa, na walipofikia umri wa miaka 4 ilionekana kwamba waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu hiyo, pamoja na wale ambao mama zao walikuwa na pumu, walielekea zaidi kutoa mluzi kifuani. Uhusiano wa namna hii hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Hata hivyo malaria inayojificha kwenye kondo la nyuma hujulikana kwa kumzalisha mama mtoto mwenye uzito mdogo, na uzito mdogo huambatana na mapafu dhaifu.

Minyoo huleta utata mwingine. Nadharia ya usafi, iliyoanzia kwa David Strachan wa Uingereza mwaka 1989, hudai kwamba kinga ya mwili isiyopata mazoezi ya maambukizi utotoni huelekea kwenye mzio, yaani kupigana na vitu visivyo na madhara. Huko Entebbe, Uganda, wajawazito waliopewa albendazole, dawa ya minyoo, walizaa watoto waliopata ukurutu wa mzio kwa wingi zaidi. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba minyoo ya safura huambatana na upungufu wa pumu, ilhali minyoo mikubwa ya matumbo huambatana na ongezeko lake. Kuiacha minyoo iendelee kwa hofu ya pumu kungekuwa upuuzi, kwani minyoo ya safura humnyonya mtoto damu.

Pwani yenyewe inabadilika. Kata za Zinga, Kerege na Mapinga zinamezwa na jiji la Dar es Salaam linalopanda kutoka Bunju, na utafiti mwingine wa Uganda umeonyesha kuwa waliozaliwa mjini hupata pumu zaidi ya waliozaliwa kijijini. Unyevu wa bahari nao huwastawisha utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi magodoroni.

Hata hivyo, si kila mluzi ni pumu. Katika watoto wa Tucson, Marekani, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980, wengi wa waliotoa mluzi kabla ya miaka 3 walikuwa wameuacha walipotimiza 6, kwa kuwa tatizo lao lilikuwa njia nyembamba za kuzaliwa nazo. Kwa sababu hiyo tabibu aliyeletewa mtoto wa miaka 2 hawezi kutegemea sauti ya kifua peke yake, bali huuliza kama mama ana pumu, kama mtoto alizaliwa njiti, na jiko la nyumbani liko chumba gani.