Kufundisha Hali ya Kutokuwa na Uzito

Wanafunzi wengi huamini kwamba mwanaanga huelea kwa sababu mvutano wa dunia haufiki huko aliko. Dhana hii ni potofu, nayo yafaa ing'olewe kabla ya kufundisha kanuni. Katika kimo cha kilomita 250, mvutano huwa umepungua kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Mtu huelea kwa kuwa yeye na chombo chake huanguka pamoja daima, wakiizunguka dunia.

Twaweza kulionyesha jambo hili kwa kopo la maji lililotobolewa ubavuni. Likishikwa, maji huchuruzika. Likiachiwa lianguke, maji hukoma kutoka mpaka lifike chini.

Kuhusu athari zake mwilini, mfano tunao hapa Unguja. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo cha Tunguu, kilichofungwa mwaka 1964, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofuatilia safari na afya yake. Alipovuta kamba ya mpira kwa nusu dakika, mapigo ya moyo yalipanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakashuka hadi 84.

Wanafunzi na wapimane mapigo kabla na baada ya kuruka nusu dakika, walinganishe tarakimu. Kisha tuwaulize: mifupa na misuli isiyobeba mzigo kwa miezi huwaje? Hudhoofika, ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi kila siku. Tusiwape jibu hili; tuwaache walifikie wenyewe.