Kweli au Si Kweli? Yanayosemwa Jikoni Kuhusu Mtoto Mdogo

Iringa si mkoa wa njaa. Mahindi yake hulisha miji, viazi vyake hujaza malori, na mboga hazikosekani. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30. Chakula kipo ghalani, ila hakimfikii mtoto ipasavyo. Sababu ni nyingi, zikiwemo maradhi na mzigo wa kazi alio nao mama, lakini nyingine zimekaa papo hapo jikoni: kauli tunazorithishana kuhusu nini mtoto ale, kipi asile na tumfanyeje akiugua. Hizi hapa tisa, na ukweli wake.

“Mtoto akila mayai atachelewa kusema.”
*Si kweli.*

Kauli hii ina ndugu zake: mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele, na mtoto akizoeshwa mayai atakuwa mwizi. Huenda chanzo chake ni uchumi wa nyumba. Kuku alikuwa akiba, na yai lililoliwa leo ni kifaranga kilichopotea kesho. Lakini ulimi wa mtoto hauna ugomvi na yai. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, pamoja na vitamini A, B12 na kolini inayohitajika katika ukuaji wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe vyakula vya asili ya wanyama, mayai yakiwemo, kila siku kuanzia anapotimiza miezi sita.

Nalo yai lisigeuzwe muujiza. Utafiti wa Ekuador uliotolewa mwaka 2017 uliona kwamba udumavu ulipungua sana kwa watoto waliopewa yai moja kwa siku kwa miezi sita. Ulipofanyika utafiti kama huo Malawi, eneo ambalo watoto tayari walikuwa wakila samaki, tofauti hiyo haikuonekana. Yai humsaidia zaidi mtoto ambaye bakuli lake halina nyama, samaki wala maziwa. Lipikwe hadi kiini kigande.

“Mpe supu, nguvu yote iko kwenye mchuzi.”
*Si kweli.*

Katika nyumba nyingi baba anapata mnofu, mtoto anamwagiwa mchuzi juu ya ugali, na kila mtu anaamini mtoto ndiye aliyependelewa. Nyama ikichemka hutoa ladha, chumvi na mafuta kidogo. Sehemu kubwa ya protini, madini ya chuma na zinki hubaki ndani ya nyama yenyewe. Tumbo la mtoto wa miezi minane halizidi sana kikombe cha chai, kwa hiyo likijazwa supu, hapabaki nafasi ya chakula. Meno machache si kisingizio. Nyama huchambuliwa ikawa nyuzi, maini hupondwa kwa uma, na dagaa wakishatolewa vichwa na kukaushwa vizuri hutwangwa wakawa unga wa kunyunyiza kwenye uji au mboga.

“Unga wa lishe ukiwa na nafaka nyingi ndio bora.”
*Si kweli.*

Siku hizi unga wa lishe umekuwa mashindano: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, kisha soya na karanga juu yake. Nafaka zote hizo kazi yake kubwa ni moja, kutoa wanga. Ya sita haileti kile ambacho tano za kwanza hazina. Kinachotosha ni nafaka moja au mbili na aina moja ya jamii ya kunde. Yanayokosekana huongezwa sufuriani au kwenye bakuli: maziwa, yai, dagaa, kijiko cha mafuta, parachichi au ndizi iliyopondwa.

Mchanganyiko mrefu una hasara zake pia. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, hivyo lazima ichemshwe au ikaangwe kabla ya kwenda mashineni. Karanga zikisagwa, mafuta yake huufanya unga wote uchache mapema. Na kila punje inayoongezwa ni mlango mwingine wa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaopenda hasa mahindi na karanga. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoathirika, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 balaa kama hilo liliwakumba watu wa Dodoma na Manyara. Basi punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu zisitengwe “kwa ajili ya uji wa mtoto.” Zitupwe. Na unga usagwe kidogo kidogo, usiguswe na unyevu.

Swali kubwa zaidi ya idadi ya nafaka ni uzito wa uji. Uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe ni maji yenye rangi, na mtoto hushiba kabla hajapata kitu. Uji unaofaa hukaa kwenye kijiko bila kumiminika. Ukiwa mzito mno kumshinda, dawa yake ni kimea: ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Kijiko kimoja kikikorogwa kwenye uji mzito ulio vuguvugu, vimeng'enya vyake huvunja wanga na uji hulegea bila kuongezwa maji. Kisha urudishwe motoni uchemke tena. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania imekuwa ikiujua utaalamu huu tangu miaka ya 1980, na bibi zetu waliotengeneza togwa waliujua kabla yake.

“Sukari inaleta minyoo.”
*Si kweli.*

Minyoo haizaliwi na pipi. Mayai ya minyoo ya mviringo hutoka kwenye kinyesi, yakaingia udongoni, kisha yakafika mdomoni kwa mikono michafu, matunda yasiyooshwa au maji. Minyoo ya safura nayo hupenya kwenye ngozi ya miguu iliyo peku. Choo, sabuni, viatu na dawa ya minyoo inayotolewa kliniki ndivyo vinavyokata mnyororo huo. Sukari ina kesi yake nyingine, ya kuoza meno na kuua hamu ya chakula, na hiyo inatosha kuipunguza.

“Chai inapunguza damu.”
*Kweli, kwa njia ya mzunguko.*

Majani ya chai yana viini vinavyoshikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, mwili ukashindwa kuyanyonya. Kutia maziwa hakubadilishi jambo hilo. Mtoto mdogo ambaye kila mlo wake unasindikizwa na chai, au ambaye kifungua kinywa chake ni chai na andazi tu, yuko katika hatari ya kupungukiwa damu. Vitamini C hufanya kinyume chake. Kipande cha chungwa au embe baada ya kula, au ndimu iliyokamuliwa kwenye mchicha ukishaepuliwa, huongeza chuma kinachoingia mwilini.

“Mtoto ale sinia moja na wenzake, ndipo atachangamka kula.”
*Nusu kweli.*

Kula pamoja kunamfunza mtoto mengi. Anaona wakubwa wanavyotafuna, anaiga, anatamani. Tatizo ni mwendo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu bado anazungusha tonge la kwanza mdomoni wakati kaka zake wamefika katikati ya sinia na mboga imekwisha. Hakuna anayejua alikula kiasi gani, na akilia usiku atapewa chuchu au biskuti. Akae na wenzake, lakini na bakuli lake, na mtu mmoja amwangalie, amsemeshe, asimlazimishe. Akikikataa chakula kipya leo, kirudishwe siku nyingine. Watoto wengi huhitaji kukionja mara nane, kumi au zaidi kabla hawajakikubali.

“Kiporo kikipashwa moto vizuri hakina neno.”
*Nusu kweli.*

Wali wa jana na maharage ni kifungua kinywa chenye heshima yake, na moto mkali huua vijidudu vingi. Lakini kuna bakteria wa wali, *Bacillus cereus*, ambaye mbegu zake hazifi sufuriani. Wali ukilala mezani usiku kucha ukiwa na uvuguvugu, huchipua na kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiuchemsha tena. Mtu mzima huenda akatapika na kupona, ila mtoto mdogo hupoteza maji haraka.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinachotunzwa kikiwa cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60. Hapo chupa ya chai inaingia mashakani. Uji uliomiminwa humo alfajiri, dada akaendelea kumnywesha mtoto hadi saa tisa alasiri, hauko tena katika joto la usalama. Mwenye friji atandaze wali kwenye sinia upoe upesi, kisha auweke ndani mapema. Asiye na friji apike cha kutosha mlo mmoja, na kiporo kisiwe cha mtoto.

“Anaharisha kwa sababu anaota meno.”
*Si kweli.*

Meno huanza kutoka katika miezi ileile ambayo mtoto anaanza kutambaa, kuokota vitu chini na kula vyakula vingine zaidi ya maziwa ya mama. Vijidudu huingia kwa njia hizo, halafu lawama linapewa jino. Mbaya zaidi ni imani ya “meno ya plastiki,” ambapo fizi za mtoto mwenye homa na kuharisha hukatwa kung'oa vichipukizi vya meno. Kinachong'olewa ni meno halisi ya utotoni, na mtoto hubaki na kidonda juu ya ugonjwa wake. Anayeharisha apewe maji ya ORS, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Macho yakididimia, akilegea au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

“Aliyekunywa mafuta ya taa apewe maziwa atapike.”
*Si kweli, na ni hatari.*

Mafuta ya taa yakifika tumboni hayana madhara makubwa kama yakiingia kwenye mapafu. Kumtapisha mtoto ni kuyapitisha tena kooni, karibu na njia ya hewa, na tone dogo likiingia humo huweza kusababisha nimonia kali. Asipewe maziwa wala mafuta ya kula, na asitiwe kidole kooni. Avuliwe nguo zilizolowa, akimbizwe hospitali, na chupa ichukuliwe ili daktari aione. Ajali hii mara nyingi huanzia kwenye chupa ya soda au ya maji iliyowekwa chini ya meza, kwa hiyo kinga yake ni chombo chenye kifuniko kigumu, kisichofanana na cha kinywaji, kilichowekwa juu.

Ukizitazama kwa pamoja, utaona kauli nyingi za uongo zina tabia mbili. Zipo zinazomnyima mtoto chakula cha maana, kama yai na mnofu, na zipo zinazomchelewesha kupata tiba, kama zile za meno na mafuta ya taa. Kwa hiyo utakaposikia nyingine mpya msibani, sokoni au kwenye kundi la WhatsApp la familia, huhitaji kubishana na shangazi aliyeisema. Jiulize tu: nikiifuata hii, mtoto atakosa nini mezani, na atachelewa kiasi gani kufika kwa daktari? Jibu likikutia shaka, kamuulize muuguzi siku ya kliniki. Kupima uzito si kazi yake pekee.