Gamba lenye lilisema: hapa makala hakuna

Ku Brewham, kule Uingereza, mwanzo wa miaka ya 1800, watu walitoboa shimo wakitafuta makala ya mawe, sawa ile ya Luena. Udongo ulikuwa mweusi, ulifanana kabisa. Feza ikaingia, jasho ikaingia.

William Smith, mpima ardhi mwenye alijifunza matabaka ndani ya migodi ya Somerset, hakuangalia rangi. Aliangalia magamba yenye kugeuka jiwe. Katika tabaka hilo mna amoniti za jamaa ya Kosmoceras: zinajikunja sawa konokono, lakini mnyama mwenyewe alielea baharini, vyumba vya gamba vikiwa na hewa. Amoniti zilibadilika mbio, kila tabaka na aina yake. Njo maana ni alama nzuri. Hizi zina miaka karibu milioni 165. Makala ya Somerset, karibu 300. Kama iko, iko chini sana. Shimo lilishuka mamia ya futi, makala hata kidogo.

Kwetu Katanga usizitafute: mawe ya shaba yalijengwa mbele ya mnyama wa kwanza mwenye gamba. Huku wazee waliangalia maua ya shaba.