Reli Ipitayo Katikati ya Jiji: Mfano wa Addis Ababa



Serikali inapotangaza kwamba jiji litajengewa reli ya abiria, jambo la kwanza linaloulizwa ni gharama. Sisi wa chama tuna swali letu: mtu wa zamu ya saa moja asubuhi atafika langoni saa ngapi? Mshahara ukikatwa kwa kuchelewa, msimamizi hataki kusikia habari za treni.

Mazungumzo ya kujenga reli nyepesi Kampala yamekuwapo kwa miaka mingi. Kabla hatujaitwa kupiga makofi, afadhali tutazame Addis Ababa, ambako mpango kama huo ulitoka kwenye karatasi ukawa chuma. Reli hiyo ya umeme ilifunguliwa mwaka 2015. Iligharimu dola milioni 475 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Ina njia mbili. Moja inatoka Ayat, mashariki, hadi Tor Hailoch, magharibi. Nyingine inatoka uwanja wa Menelik II, kaskazini, inapita kando ya soko kubwa la Merkato, kisha inashuka kusini mpaka Kality.

Kality ni mahali pa viwanda. Hapo waliopanga tunawasifu, maana walijua kazi iko wapi na soko liko wapi. Nauli nayo ilikuwa nafuu: ilipoanza ilikuwa kati ya birr 2 na 6 kufuatana na umbali. Ndiyo maana mabehewa yalijaa watu tangu siku za mwanzo.

Taabu iko katikati ya jiji. Nafasi ni finyu na kila mtu anataka kupita. Basi njia zote mbili zikaunganishwa, zikatumia reli zilezile juu ya daraja refu kwa kilometa 2.7 hivi, zenye vituo 5. Kimojawapo ni Leghar, karibu na stesheni ya zamani ya reli ya Djibouti iliyofika mji huo mwaka 1917.

Kuunganisha hivyo kunapunguza gharama, na abiria anaweza kubadili njia bila kutembea mbali. Lakini tupige hesabu. Tuseme kila njia inataka treni moja kila dakika 6. Pale pa kuungana reli italazimika kupitisha treni kila dakika 3, kwenda na vilevile kurudi. Ukitaka kuongeza treni za Kality, umekwisha kuzibana za Ayat. Na moja ikiharibika juu ya daraja, njia zote mbili zimesimama. Mtu wa Kality anachelewa kazini kwa sababu ya treni ambayo hata hakuipanda!

Sehemu nyingine reli inapita chini, katikati ya barabara, nayo imezungushiwa ukuta. Anayetaka kuvuka huzunguka mpaka kwenye daraja la waendao kwa miguu au kituoni. Kwenye ramani ukuta huo ni mstari tu. Kwa mama mwenye mzigo kichwani ni safari.

Lakini jambo lililoumiza zaidi halikuonekana kwenye ramani yoyote. Zilinunuliwa treni 41. Magurudumu yakalika, vipuri vikawa vya kuagizwa ng'ambo, fedha za kigeni zikawa haba. Kufikia mwaka 2022 zilizokuwa zikitembea zilikuwa chini ya nusu. Reli ipo, vituo vipo, umeme upo, na watu wamepanga foleni. Nauli ndogo ilikuwa haki ya wananchi, wala hatusemi ingepandishwa. Tunasema fedha za vipuri zingetengwa siku ileile ya kutengwa fedha za saruji, na mafundi wa karakana wangehesabiwa kuwa sehemu ya mpango.

Huku kwetu treni ya abiria ilirudi Desemba 2015 kati ya Kampala na Namanve, kwa reli ya zamani. Namanve nayo ni mahali pa viwanda kama Kality. Wataalamu watakapokuja na ramani mpya, tuwaulize: katikati ya jiji njia ngapi zitatumia reli moja? Treni ya kwanza inaondoka saa ngapi? Nani atalipia vipuri mwaka wa tano? Na wenye vibanda kando ya reli watahamishiwa wapi, kabla ya tingatinga au baada yake?

Tunaomba kila tawi liandike saa za zamu zake za kuingia na kutoka, pamoja na mitaa wanakolala wanachama. Ndugu wa mashamba ya miwa na chai wanaokuja mjini mwisho wa mwezi waandike pia siku zao. Karatasi hizo zipelekwe kwa katibu wa tawi. Mpangaji wa reli akisema hajui wafanyakazi wanatoka wapi, tutamwekea mezani.