Sikio Halioni Tanbihi

Vitabu vya historia vilivyorekodiwa kwa sauti vimewavutia wanafunzi wengi, nami pia huvisikiliza. Sina ugomvi navyo, kwani wazee wetu walirithishana historia kwa masikio. Hata hivyo, mzee aliweza kuulizwa, "Hayo umeyapata wapi?" Sauti iliyorekodiwa haiulizwi.

Tuchukue King Leopold's Ghost, kitabu alichokitoa Adam Hochschild mwaka wa 1998 kuhusu Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili, 1885 hadi 1908. Humo mna kadirio kwamba idadi ya watu ilipungua kwa milioni 10 hivi, hesabu ambayo wanahistoria wangali wanaijadili. Msomaji wa chapa hufungua kurasa za mwisho akakagua vyanzo. Msikilizaji hubaki na tarakimu tupu. Isitoshe, alama za mtajo hazisikiki: shahidi, mtuhumiwa na mwandishi wote hunena kwa kinywa kimoja.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, waache wanafunzi wasikilize, kisha uwadai ukurasa. Taarifa isiyojulikana ilikotoka, hata ikisomwa kwa sauti tamu namna gani, ni uvumi tu.