Kigari cha milioni 250, uwanja wa kukiendeshea hakuna

Mwishoni mwa mwaka 2021 Ferrari ilitangaza kigari cha kuchezea, Testa Rossa J, kwa bei ya euro 93,000 kabla ya kodi. Kwa pesa ya madafu ilikuwa takriban shilingi milioni 250 wakati huo. Ukienda nazo kwenye yadi za magari Dar es Salaam unaondoka na Toyota IST zaidi ya kumi, tena chenji inabaki. Vilipangwa kutengenezwa 299 tu. Bodi ni ya alumini iliyogongwa kwa mkono, injini hakuna, kinatembea kwa betri hadi kilomita 60 kwa saa. Lakini barabarani hakiruhusiwi. Mnunuzi lazima awe na eneo binafsi la kukiendeshea.

Anasa hii haikuanza jana. Mwaka 1926 mtengenezaji wa magari Ettore Bugatti alimtengenezea mwanawe Roland kigari cha umeme, nusu ya ukubwa wa gari lake la mashindano, Type 35. Wateja waliokwenda kiwandani wakakiona, wakakitamani, na vikatengenezwa takriban 500. Uingereza ilikuwa na hadithi ya utu zaidi: vigari vya pedali vya Austin J40, vilivyoanza kuundwa mwaka 1949 huko Bargoed, Wales, kwa mabaki ya mabati ya kiwanda cha magari halisi cha Austin. Waliokuwa wakiviunda ni wachimba makaa ambao mapafu yao yalikuwa yameharibiwa na vumbi la mgodini.

Dar es Salaam haijafika huko kwa Ferrari, ila njia tayari inajulikana. Nyuma ya mageti ya Masaki na Mbezi Beach utaona kigari cheupe cha plastiki chenye nembo ya Mercedes, kilichotoka China, kikizunguka taratibu juu ya peving. Kina mkanda, honi, taa na muziki usiozimika. Mtoto ameshika usukani kwa fahari yote ya dunia, kumbe anayeendesha hasa ni baba, aliyesimama kando na rimoti mkononi. (Na ukimtazama vizuri, anayefurahi zaidi ni yeye.)

Kipeleke kigari hichohicho Tandika au Mbagala uone. Matairi ni plastiki tupu, hayashiki kitu. Kwenye mchanga yanazunguka palepale mpaka mota inanuka. Nyumba zimebanana, na uchochoro ni wa bodaboda, ndoo za maji na meza ya mama wa vitumbua. Hapo gari linalofaa ni lile la waya: matairi yaliyokatwa kwenye soli ya ndala kuukuu, fito ndefu kama usukani, na dereva anayekimbia nyuma yake huku akinguruma mwenyewe. Hilo kona linakata, na mchanga haulisumbui.

Wajanja wameliona pengo hili la nafasi. Mahali penye sakafu ngumu vigari vya betri hukodishwa kwa dakika chache, kwa hela ndogo, na sikukuu foleni haiishi. Mtoto wa Manzese anaendesha Lamborghini yake, anateremka, anaingia mwingine. Ni matumizi bora ya kigari kuliko kukiacha uani, maana betri ya risasi ikikaa bila chaji miezi kadhaa inakufa, na vingi huishia stoo vikifugiwa kuku.

Kilicho ghali kweli jijini, basi, ni nafasi. Viwanja vya wazi kama Biafra kule Kinondoni na Mwembeyanga kule Temeke vinagombewa na mpira, mikutano ya siasa na mahubiri. Manispaa zinazopima viwanja vipya pembezoni mwa jiji ziwatengee watoto eneo la kuchezea, zilizungushie uzio, na zisiligeuze fremu za maduka. Nawe mzazi unayekwenda Kariakoo wikiendi hii, kabla hujalipia kigari pima kwanza ua wako.